Kinu cha Msagaji Arnold

Leo tunataka kuwasimulia habari za kinu kimoja cha zamani kilichokuwa kando ya mto, katika nchi iliyo mbali sana na yetu. Lakini kabla hatujafika huko, na tuanze hapa nyumbani.

Mama zetu wa zamani walisaga kwa mkono. Mwanamke alipiga magoti mbele ya jiwe pana, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, akasaga mtama, wimbi na mahindi hata mgongo ukamuuma. Katika miaka ya 1920 na 1930 vinu vya maji vilianza kuenea katika nyanda za juu za nchi yetu, upande wa kati na upande wa magharibi, na vingine vilijengwa na Waafrika wenyewe waliochanga fedha zao. Mahindi yalibebwa mgongoni mpaka mtoni, yakarudi nyumbani yakiwa unga. Baadaye zikaja mashine za dizeli, kisha za umeme, zikawekwa sokoni karibu na barabara, na vile vinu vya mtoni vikanyamaza. Hata hivyo, mahali pengine mzee wa kijiji aweza bado kukuonyesha mfereji ulioota majani, au jiwe kubwa la mviringo lenye tundu katikati, ambalo siku hizi watoto hulikalia wakichunga mbuzi.

Kinu cha namna hiyo hufanya kazi hivi. Mto huzuiwa kidogo kwa ukuta wa mawe au wa magogo, na maji hugeuzwa yaingie katika mfereji. Mfereji huyapeleka mpaka kwenye gurudumu kubwa la mbao au la chuma. Yakimwagwa juu ya gurudumu, uzito wa maji ndio unaolizungusha. Yakipita chini yake, ni mbio za maji. Gurudumu huzungusha mti wa katikati, na huo mti huzungusha jiwe kwa njia ya meno yanayoshikana. Mawe ni mawili. La chini halisogei. La juu huzunguka, likiwa karibu sana na la chini bila kugusana nalo. Nafaka hushuka kutoka katika sanduku, huingia katika lile tundu, husagwa, na unga hutokea kandokando ukifuata mistari iliyochongwa katika mawe. Mistari hiyo ikilika, msagaji huinua jiwe na kulichonga upya.

Sasa, wapenzi, angalieni jambo moja. Kinu hakinywi maji. Maji yakiisha kulizungusha gurudumu hurudi mtoni, na jirani wa chini huyapata. Lakini kinu hakina nguvu yake chenyewe. Nguvu zake zote hutoka juu, katika mashamba ya watu wengine. Msagaji aweza kuwa hodari, mawe yake yakawa mazuri, na mlango wake ukawa wazi tangu alfajiri. Maji yakipungua huko juu, atakaa kitako akitazama gurudumu lililosimama. Kwa sababu hiyo, tangu zamani, penye kinu cha maji hapakosi ugomvi wa majirani. Ugomvi mmoja wa namna hiyo ulikuwa mkubwa hata ukafika mbele ya mfalme, na ndio tunaotaka kuwaeleza.

Katika karne ya 18 palikuwa na ufalme wa Prusia, ambao mji wake mkuu ulikuwa Berlin. Mfalme wake alikuwa Frederick wa Pili, aliyeitwa Frederick Mkuu. Alitawala tangu 1740 hata alipofariki mwaka 1786. Upande wa mashariki wa ufalme huo, katika jimbo lililoitwa Neumark, palikuwa na kijiji cha Pommerzig. Siku hizi kijiji hicho kiko katika nchi ya Polandi, nacho huitwa Pomorsko, kwa kuwa mipaka ilibadilishwa baada ya vita vya pili vya dunia mwaka 1945. Hapo ndipo kilipokuwa kinu kidogo cha maji kilichoitwa Krebsmühle, maana yake kinu cha kamba wa mtoni, wale viumbe wa majini wenye makucha. Msagaji wake aliitwa Christian Arnold, na mkewe aliitwa Rosine.

Arnold hakukimiliki kinu hicho kwa uhuru wote. Alikishika chini ya mwenye ardhi, kabaila mmoja aliyeitwa von Schmettau, na kila mwaka ilimpasa kumlipa kodi. Maadamu gurudumu lilizunguka, wakulima walileta nafaka, msagaji akapata riziki yake, na kodi ikalipwa.

Mwaka 1770 jirani wa juu ya mto, Bwana von Gersdorff, ambaye pia alikuwa mkuu wa wilaya, alitengeneza mabwawa ya kufugia samaki katika ardhi yake. Samaki nao wanataka maji. Arnold akaanza kulalamika kwamba maji yaliyomfikia hayatoshi tena, kwamba hawezi kusaga kama zamani, na kwamba asiposaga hana cha kulipia kodi. Mwisho akaacha kulipa.

Bwana von Schmettau akamshtaki. Katika siku zile mwenye ardhi kubwa alikuwa na mahakama yake mwenyewe katika eneo lake, na hakimu aliwekwa naye. Fikirini, wapenzi, mtu anashtakiwa na tajiri katika mahakama ya tajiri huyo huyo! Arnold akashindwa. Deni likazidi kukua, na mwaka 1778 kinu kikauzwa kwa mnada. Msagaji na mkewe wakatoka mikono mitupu.

Hawakunyamaza. Arnold na Rosine walipeleka malalamiko kwa mamlaka za juu, na mwisho wakamfikia mfalme mwenyewe. Frederick alikuwa na desturi ya kupokea barua za watu wadogo, na alikuwa na shaka ya muda mrefu juu ya majaji wake, kwamba wanachelewesha mashauri na kuwapendelea wenye vyeo. Alipoisikia habari hii moyo wake uliwaka. Masikini amenyang'anywa riziki yake. Mkubwa amechukua maji. Mkubwa mwingine amedai kodi. Na mahakama imewaunga mkono wakubwa wote wawili! Akamtuma afisa wa jeshi, Kanali von Heucking, kuchunguza. Kanali akaleta taarifa kwamba Arnold ameonewa. Lakini mahakama ya jimbo, iliyokuwa katika mji wa Küstrin, haikukubaliana na kanali huyo. Mfalme akaagiza shauri lipelekwe kwa majaji wakuu wa Berlin. Desemba 1779 majaji wa Berlin nao wakaamua kwamba Arnold hana haki anayoidai.

Kwa nini waliamua hivyo? Je, walikuwa wamekula rushwa? Hapana. Sheria ya wakati ule, kama walivyoielewa, ilimruhusu mtu kuyatumia maji yanayopita katika ardhi yake. Tena Schmettau aliyedai kodi hakuwa ndiye aliyechimba mabwawa. Kama msagaji ameumizwa na Gersdorff, basi dai lake lilikuwa juu ya Gersdorff. Hilo halikumpa ruhusa ya kuacha kumlipa Schmettau. Waweza kusema sheria hiyo ilikuwa kali kwa mtu mdogo, na pengine utakuwa umesema kweli. Lakini majaji walikuwa wameapa kuhukumu kwa sheria iliyopo, nao walihukumu hivyo ingawa walijua vema mfalme anataka neno jingine.

Tarehe 11 Desemba 1779 mfalme akamwita ikulu Kansela Mkuu von Fürst, aliyekuwa juu ya mahakama zote, pamoja na majaji watatu. Mfalme alikuwa na umri wa miaka 67, akiugua jongo. Hakuwapa nafasi ya kujieleza. Kansela alipotaka kusema, alifukuzwa kazi pale pale. Majaji wakapelekwa gerezani. Kisha mfalme akaandikisha tamko, likatangazwa katika magazeti, kwamba mbele ya haki mwana wa mfalme na mwombaji wa mitaani ni sawa, na kwamba mahakama inayodhulumu ni hatari kuliko kundi la wezi, kwa maana mwizi waweza kujilinda naye.

Maneno mazuri! Watu wa mashambani walishangilia, na wengi wakaja Berlin wakiwa na barua zao mikononi. Lakini wakati huo huo magari ya watu wakubwa wa mji yalipanga mstari mbele ya nyumba ya Kansela aliyefukuzwa, wakija kumpa pole. Mfalme akamwagiza waziri wake, von Zedlitz, awahukumu wale majaji. Zedlitz akaichunguza habari yote, akajibu kwa heshima kwamba hawezi, kwa kuwa haoni kosa lao. Mfalme hakumfukuza, ila alitoa hukumu yeye mwenyewe. Majaji kadhaa walitiwa katika ngome ya Spandau, tena wakatakiwa kumlipa msagaji hasara yake. Arnold akarudishiwa kinu.

Majaji waliachiliwa Septemba 1780. Frederick alipofariki mwaka 1786, mfalme aliyemfuata aliagiza shauri lifunguliwe upya, na majaji wale wakarudishiwa heshima yao na fedha walizotozwa. Wanasheria wa Prusia walilikumbuka jambo hili muda mrefu. Walipokuwa wakiandaa kitabu kipya cha sheria za ufalme, waliandika kifungu cha kumzuia mfalme asiamue mashauri ya watu kwa neno lake tu. Kifungu hicho kiliondolewa kabla sheria hiyo haijaanza kutumika mwaka 1794, lakini wazo lenyewe halikufa.

Yafaa tuseme neno hapa juu ya hadithi nyingine ambayo baadhi yenu labda mmeisikia. Wasimulizi husema kwamba mfalme huyo huyo alikasirishwa na sauti ya kinu cha upepo kilichokuwa karibu na jumba lake la Sanssouci, mjini Potsdam, akataka kukiondoa, na msagaji akamjibu bila hofu kwamba Berlin kuna majaji. Ni hadithi tamu, na watu wa Ulaya waliipenda sana, lakini ni hadithi tu. Habari ya kweli ni ile ya Arnold, nayo imegeuka kichwa chini. Katika hadithi, majaji wanamlinda msagaji asionewe na mfalme. Katika habari ya kweli, mfalme anawaonea majaji ili amlinde msagaji. Twaipenda ile ya kwanza kwa sababu ni nyepesi. Ya pili inatutaka tufikiri.

Basi, wapenzi, ni nani aliyekuwa na haki? Ukitazama kinu kilichouzwa, moyo wako utakuwa pamoja na Arnold. Biblia yenyewe inajua thamani ya mawe ya kusagia. Katika Kumbukumbu la Torati 24:6 Mungu anakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia la jirani yake liwe rehani ya deni, hata lile la juu peke yake, kwa maana kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Deni ni deni, lakini usimnyang'anye mdeni kile kitu ambacho angekitumia kupata chakula chake na kukulipa. Schmettau angeikumbuka sheria hiyo, kinu kisingeuzwa. Naye Gersdorff, hata kama sheria ya nchi ilimruhusu, angeweza kushuka mtoni siku moja kuangalia kama gurudumu la jirani yake bado linazunguka.

Lakini fungueni pia Kutoka sura ya 23. Katika mstari wa 6 twaonywa tusipotoshe haki ya masikini katika shauri lake. Hilo twalijua, na mara nyingi tumelihubiri. Ila mistari mitatu kabla yake, katika mstari wa 3, twaonywa tusimpendelee masikini katika shauri lake. Walawi 19:15 yasema vivyo hivyo: usimpendelee mnyonge wala usimstahi mwenye nguvu, bali mhukumu jirani yako kwa haki. Ni maneno ya ajabu, kwa sababu Mungu huyu huyu ndiye anayewatetea wajane na yatima toka mwanzo wa Biblia hata mwisho wake. Mbona basi akataze kumpendelea masikini? Ni kwa kuwa huruma ni kitu chema sana, lakini haiwezi kuchukua mahali pa masikio. Frederick alikuwa na huruma kwa msagaji. Alichokosa ni subira ya kumsikiliza Kansela akimaliza sentensi yake.

Mfalme Daudi naye aliwahi kuanguka hapo hapo. Twasoma katika 2 Samweli 16 jinsi Siba alivyomletea mikate na punda wakati wa shida, akamwambia kwamba bwana wake, Mefiboshethi, amemgeukia. Daudi aliamini mara moja, akampa Siba mali yote ya Mefiboshethi. Katika sura ya 19 Mefiboshethi mwenyewe akatokea, kilema, hajaosha nguo zake tangu siku mfalme alipoondoka, akaeleza kwamba alidanganywa na kuachwa. Na Daudi, aliyekwisha kutoa neno lake, akawagawia shamba nusu kwa nusu. Hakuweza tena kujua kweli i upande gani. Ndiyo maana Mithali 18:17 yatufundisha kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki, mpaka jirani yake aje na kumhoji.

Hatusemi haya kama watu wasio na lawama. Tungeweza kuficha, lakini afadhali tukiri. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja tuliokuwa tukiutumikia kama wazee, mama mjane alitujia baada ya ibada akilia. Mboga zake zilikuwa zimekauka. Mfereji uliomletea maji ulipita kwanza katika shamba la jirani wa juu, mtu mwenye ng'ombe wa maziwa na nyumba ya mabati mapya. Mama akasema maji yamekatwa. Tulimwangalia yeye, tukazikumbuka zile ng'ombe za jirani, na mioyo yetu ikawaka kama moyo wa Frederick.

Jioni ile tulimwita yule ndugu. Hatukumwuliza maswali mengi, tulimwambia. Tukamwonya kwamba hatashiriki Meza ya Bwana mpaka maji yafunguliwe. Alitusikiliza, mikono nyuma, kisha akasema neno moja tu: "Wazee wangu, twendeni kwanza mtoni." Hatukwenda. Giza lilikuwa linaingia, umande ulikuwa mwingi, na sisi tulikwisha kujua, au tulidhani tumejua. Jumapili iliyofuata tulilitaja jambo hilo kanisani, na ingawa hatukutaja jina, kila mtu aligeuza kichwa kumtazama.

Baada ya majuma mawili kijana mmoja aliyekuwa akifuata mbuzi aliona mahali ambapo ukingo wa mfereji ulikuwa umebomoka, katikati ya yale mashamba mawili, chini ya kichaka. Maji yote yalikuwa yakimwagika katika bwawa la matete. Jirani wa juu hakuwa amechukua hata debe moja zaidi ya fungu lake. Mama mjane naye hakusema uongo. Maji yalikuwa yamekatika kweli, na aliyasema yale aliyoyaona. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa na miguu, na mto ulikuwa karibu.

Tulikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alitupokea, mkewe akatupikia chai, tukaomba pamoja. Alirudi kanisani. Lakini mwanawe mkubwa, aliyekuwa katika darasa la kipaimara wakati ule, hajarudi hata leo. Kila tunapokutana naye sokoni hutuamkia kwa adabu, "Shikamoo, wazee," kisha hupita. Wapenzi, mfalme mpya alipokuja, majaji wale walirudishiwa fedha zao. Sisi hatujui tumrudishie nini kijana huyu.

Kwa hiyo twasema nanyi leo, hasa ninyi wazee wa kanisa, wazee wa kijiji, na ninyi mlio wakubwa katika jamaa zenu, ambao watu huwaletea ugomvi wa mipaka, wa urithi, wa mifugo na wa maji. Kazi hiyo ni ya heshima. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, yataka hata mahakama zikuze njia za upatanisho na usuluhishi. Basi na tuifanye kwa uangalifu.

Kwanza, twende mtoni. Shauri la maji halijulikani sebuleni, wala shauri la mpaka halijulikani bila kuukanyaga mpaka. Frederick alimtuma kanali, sisi hatukutuma hata mtoto. Aliyeshtakiwa akisema, "Njooni muone," hilo ni neno la kuheshimiwa sana.

Pili, tuwasikie wote wawili wakiwa wameketi mbele yetu, mmoja akisikia maneno ya mwenziwe. Tusimsikie mmoja kwa chai na mwingine kwa hukumu. Na tusiogope kusikia jambo litakaloharibu uamuzi tuliokwisha kuufanya moyoni.

Tatu, hata penye deni la kweli, tusiuze jiwe la kusagia. Fundi asinyang'anywe cherehani chake, wala mkulima jembe lake, wala mama wa sokoni mizani yake. Mpe mdeni njia ya kulipa, naye atalipa.

Nne, kila mmoja wetu ajue kwamba yuko juu ya mto wa mtu fulani. Katika Kenya ya leo mto si mali ya mtu mmoja. Katiba imeuhesabu kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yamtaka anayechepusha maji apate kibali. Viko pia vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, ambamo wa juu na wa chini huketi pamoja, na twawasihi mjiunge navyo. Lakini sheria haiwezi kukutoa kitandani saa kumi na mbili asubuhi uende kuangalia kama jirani wa chini amepata maji. Hilo ni la dhamiri yako mwenyewe mbele za Mungu.

Labda wewe unayesikiliza hukai karibu na mto wowote. Lakini una mshahara ambao watu wengine huutegemea. Au una ufunguo wa ghala. Au wewe ndiwe unayetia sahihi karatasi ili mwenzako alipwe. Nawe pia u juu ya mto. Na labda asubuhi hii wewe ni Arnold, gurudumu lako limesimama, na hujui maji yameishia wapi. Usikate tamaa, wala usimhukumu jirani yako kabla hujapanda pamoja naye ukingo kwa ukingo. Huenda mkakuta kichaka, na chini ya kichaka shimo ambalo ninyi wawili mwaweza kuliziba kwa mawe na udongo kabla jua halijawa kali.

Na tuombe. Bwana wa haki, utupe masikio kabla ya kutupa ulimi. Uwape maji walio chini, na huruma walio juu. Utusamehe pale tulipohukumu gizani, na umrudishe yule kijana. Amina.